Waliokataa Kuanua Matanga

(Mhadhara uliotolewa Tanga, baada ya Magharibi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Assalaam alaykum, na wengine wote habari za jioni. Mlio nyuma mnanisikia? Haya. Kijana wa feni aipunguze kidogo, inanila sauti.

Nimeombwa nizungumze juu ya Savannah, mji wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, nilikokaa miaka sita nikifanya kazi ya mapokezi hotelini, zamu ya usiku. Nadhani aliyenialika alitaraji nitasema habari za mishahara na baridi. Baridi ya Savannah haina la kusimulia. Joto lake ni la hapa hapa, jasho ni lile lile, na mbu wao wangeweza kupiga kura Tanga na mtu asishtuke. Mimi nitazungumza juu ya misiba ya mji ule, na watu wake wa vituko. Kwangu mambo hayo mawili yalikuja kuwa kitu kimoja, na aliyenifumbua macho ni mzee wa mkoba.

Savannah iko kando ya mto, na meli za makontena hupita katikati ya mji, karibu hivi kwamba ukikaa barazani mwa hoteli unahisi jengo la ghorofa linatembea. Kuna kivuko kidogo cha kuvusha watu ng'ambo, na ni cha bure. Nikitoka zamu asubuhi nilikuwa nakipanda ili nipate upepo kabla ya kwenda kulala. Kila nikipanda namkuta mzee mmoja mweusi, mrefu, aliyestaafu kazi ya kupakua meli. Suti ya kijivu, kofia, viatu vinang'aa. Na hapa, kwenye kiwiko, mkoba wa kike. Mwekundu, wa ngozi, kibanio chake kimechujuka rangi ya dhahabu.

Kivuko kikifika ng'ambo hateremki. Kinarudi naye. Kinakwenda tena naye. Wiki ya kwanza nilisema moyoni, masikini, mzee zimemruka. Lakini nikaona mabaharia wa kivuko wanamwamkia kwa adabu, watalii wakimkodolea macho wenyeji wanawaangalia watalii kwa jicho baya. Nikanyamaza.

Mwezi wa pili nikathubutu kumwuliza. Akaniambia kwamba mkewe aliugua ghafla, wakafika mlango wa hospitali, na pale mlangoni, kama wafanyavyo wake zetu wote sokoni na harusini, mama yule akamvulia mkoba akamwambia: nishikie mara moja. Akaingia ndani, hakutoka.

"Basi nimeshika," mzee akasema. "Hajaniambia niuweke chini."

(Kimya ukumbini. Mtu mmoja: "Lahaula.")

Sasa, ndugu zangu, sisi watu wa pwani msiba wetu una kalenda. Siku tatu za matanga, ubani unapita, hitima inasomwa, mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, arobaini inafika, pilau linaliwa. Kisha tunaanua. Lugha yetu haina tofauti: tanga la jahazi na matanga ya msiba ni neno moja, na mji wetu huu nao unaitwa hivyo hivyo. Likitwekwa, kuna siku ya kulitua. Mtu akipitiliza siku tunaanza kumnong'ona. Mwaka wa tatu bado analia? Ana lake huyo.

Savannah nilikuta mji ambao watu wake baadhi hawakutua tanga, wanatembea nalo mitaani mchana kweupe, na mji umewazoea. Si wote, msinielewe vibaya. Wengi kule ni kama wengi kokote: wanazika Jumamosi, Jumatatu kazini. Lakini wale wachache ndio wanaojengewa sanamu.

Ukienda mtaa wa mtoni utaona sanamu ya mwanamke anapunga kitambaa, na mbwa pembeni yake. Huyo ni Florence Martus. Alizaliwa mwaka 1868, baba yake alikuwa askari katika ngome ya Pulaski, karibu na mlango wa mto. Kaka yake George akapewa kazi ya kutunza taa za kuongozea meli, na wakahamia wawili hao kisiwa cha Elba, kati ya mji na bahari. Leo kisiwa hicho ni kituo cha gesi. Enzi hizo palikuwa ukiwa mtupu. Kuanzia mwaka 1887 Florence alisalimia meli. Inayoingia, inayotoka: mchana anapunga kitambaa, usiku anapunga taa. Akaendelea hadi mwaka 1931, kaka yake alipostaafu. Miaka 44!

Mji ukamtungia sababu. Wakasema kuna baharia alimwahidi ndoa akaondoka, na yeye anaangalia kila meli asije akapitwa. Hakuna aliyethibitisha. Mimi naweza kufikiri sababu nyingine: kisiwa, kaka mmoja, na hakuna jirani wa kumwambia habari za asubuhi. Ukikaa hivyo utasalimia hata nguzo. Lakini mji haukuridhika na upweke mtupu, ukataka uwe na mtu anayeliliwa. Alipotimiza miaka 70, mwaka 1938, wakamfanyia sherehe kubwa ngomeni. Alifariki mwaka 1943, na mwaka huo huo meli moja ya mizigo ya vita ikapewa jina lake. Sanamu ikasimamishwa mwaka 1972. Na kimojawapo cha vivuko vile vya bure kina jina lake, kwa hiyo kuna asubuhi nilizompanda Florence Martus mgongoni nikiwa na mzee wa mkoba. Sikuona ajabu. Ukikaa kule unazoea.

Tuende makaburini kidogo. Mama zangu msiogope.

Kuna makaburi yanaitwa Bonaventure, kwenye ukingo wa mto mwingine, Wilmington. Miti mikubwa ya mwaloni, na juu yake yananing'inia majani ya kijivu kama ndevu za mzee. Wao huyaita kuvu ya Kihispania. Si kuvu wala si ya Hispania, mmea ule ni jamaa ya nanasi. Mwaka 1867 kijana mmoja, John Muir, aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa misitu ya Marekani, alikuwa akitembea kwa miguu kwenda Florida, pesa zikamwishia Savannah wakati anasubiri nyingine kutoka kwa ndugu yake. Akalala Bonaventure siku kadhaa, katikati ya makaburi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wezi wanaogopa mizimu. Mimi mtu wa mapokezi namwelewa. Nimewahi kumwona mgeni ambaye bei ya chumba ingemfanya naye afikirie makaburini.

Hapo Bonaventure kuna kaburi la mtoto, Gracie Watson. Baba yake alikuwa meneja wa hoteli, kwa hiyo mwenzangu wa kazi, hoteli ya Pulaski House. Mtoto alikuwa akichezacheza mapokezini, wageni wote wanamjua. Mwaka 1889, akiwa na miaka sita, nimonia ikamchukua, siku chache tu kabla ya Pasaka. Mchongaji John Walz akamchonga kwa marumaru kwa kuangalia picha yake: kakaa, kavaa kiatu chenye vifungo, mkono juu ya gogo. Wazazi baadaye wakahama mji. Mtoto yuko peke yake pale, hana mkubwa wake hata mmoja ubavuni. Na watu wasio ndugu zake, zaidi ya miaka mia baadaye, wanamletea midoli na vikuku. Imebidi kaburi lizungushiwe uzio wa chuma, maana mapenzi nayo yana mikono.

Mimi zamu ikiwa haina watu, saa tisa za usiku, nilikuwa namfikiria meneja yule. Wageni wanakuja na masanduku yao, nawe unasema karibuni, chumba chenu ghorofa ya pili, na macho yanakwenda pale chini ya ngazi alipokuwa akicheza. Asihame vipi?

Lakini kuna aliyehama akarudi. Mshairi Conrad Aiken alikuwa na miaka 11, mwaka 1901, alipoamka akasikia wazazi wanagombana, kisha risasi mbili. Baba, daktari, alimwua mama kisha akajiua. Mtoto ndiye aliyewaingilia akawakuta. Akapelekwa kwa ndugu kaskazini, akakua, akawa mtu mkubwa wa fasihi. Uzeeni akarudi Savannah, na nyumba aliyokaa ni ile inayopakana ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Ile ile! Mtu wa kwetu angesema karogwa. Mimi nasema alichoka kuikimbia, akaona bora awe jirani yake.

Alifariki mwaka 1973 na amezikwa Bonaventure karibu na wazazi wake, ambao mawe yao yana tarehe moja ya kufa. Kaburi lake ni benchi. Alitaka watu wakae hapo, wanywe kinywaji chao na kutazama meli. Kwenye benchi pameandikwa maneno ambayo ukiyaleta kwa Kiswahili ni: baharia wa ulimwengu, aendako hakujulikani. Husimuliwa kwamba aliona meli ikipita yenye jina hilo, Cosmos Mariner, akaitafuta katika orodha ya meli gazetini, mbele ya jina pakaandikwa hivyo: iendako haijulikani. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi hilo. Sikuwa na kinywaji, nilikuwa na chai kwenye chupa. Nadhani hakuchukia.

Hapo mwanzo nilikuwa naupenda sana mji huu kwa jambo hili. Niliandika barua nyumbani nikasema, kule hakuna anayekuhimiza uache kulia. Jirani yangu mmoja akaniharibia raha hiyo, na namshukuru.

Alikuwa mama mtu mzima wa Kigeechee. Wagullah na Wageechee ni wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya mpunga na pamba ya pwani ile na visiwa vyake. Mama huyu alikuwa na kibaraza alichokipaka dari yake rangi ya samawati kuzuia mizimu isiingie ndani. Alikuwa pia akizungumza na gari lake bovu kila asubuhi, analipa habari za mtaa. Ndiye aliyenionyesha makaburi ya watu wake, yenye vikombe na sahani zilizovunjwa juu yake, vile alivyotumia marehemu mwisho. Nikamweleza kwamba kwetu, Tongoni, pana makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Sikusema ni jambo moja, maana si jambo moja. Nilisema tu kwamba mkono wangu haukushangaa.

Nikamsifia mji wake. Nikamtajia Florence, Gracie, benchi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Panda gari, mwanangu. Leo limeniambia liko tayari."

Akanipeleka upande wa magharibi ya mji, sehemu ya maghala na barabara za malori. Hakuna miti ya ndevu. Hapo, tarehe 2 na 3 Machi 1859, palikuwa uwanja wa mashindano ya farasi, Ten Broeck. Mtu mmoja aitwaye Pierce Butler alikuwa na madeni, ya kamari na ya biashara za hisa, akaamua kuuza watu. Walitangazwa 436, wakauzwa 429, kwa jumla ya dola 303,850. Kabla ya mnada walikaa katika mabanda ya farasi, wanunuzi wanapita, wanawafungua midomo, wanawabana misuli. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Watu wao wakaziita siku hizo Wakati wa Kulia. Wapo waliosema mbingu nazo zililia.

Mwandishi wa gazeti la New York, Mortimer Thomson, aliingia akijifanya mnunuzi, ndiyo maana tunajua. Aliandika habari za kijana Jeffrey, mwenye miaka 23, aliyeuzwa kwanza, akamsihi bwana wake mpya amnunue pia Dorcas, mchumba wake. Akamnadi mwenyewe, yule kijana! Ana nguvu, bwana, hajapata kuugua, mkulima hodari wa mpunga. Bwana akakubali ataangalia. Siku ya pili Dorcas akapandishwa jukwaani pamoja na watu wengine watatu, wote wanne wanauzwa kwa mkupuo. Bwana hakutaka wanne. Ikaishia hapo. Mnada ulipokwisha Butler akapita akimpa kila aliyeuzwa dola moja, kwa sarafu mpya.

Mama yule akazima gari. Akasema, Gracie kachongwa mwaka uliofuata kifo chake. Msichana wa kitambaa kapata sanamu mwaka 1972. "Unajua sisi jiwe letu la kumbukumbu la hapa limewekwa lini? Mwaka 2008." Kisha akasema neno ambalo silisahau: kwamba wakubwa wake hawakukataa kutua tanga, walinyimwa kulitweka. Samahani, tanga ni neno langu. Yeye alisema walinyimwa kufunga duka na kulia. Maana yake ni hiyo.

Na bado walilia, kwa njia waliyoipata. Kusini ya Savannah, Harris Neck, wilaya ya McIntosh, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alimrekodi mwanamke aitwaye Amelia Dawley akiimba wimbo wa mistari michache katika lugha asiyoijua. Alikuwa kaupokea kwa wakubwa zake, akaufundisha watoto kama wimbo wa kuchezea. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone alipousikia akautambua: ni Kimende. Mwaka 1942 serikali ikawaondoa watu wa Harris Neck kwenye ardhi yao ili ijenge uwanja wa ndege za kivita. Leo ni hifadhi ya ndege, ndege hawa wenye manyoya. Lakini Mary Moran, binti yake Amelia, alikuwa bado anaukumbuka wimbo. Watafiti wakautafuta Sierra Leone hadi wakamkuta mwanamke wa kijijini, Baindu Jabati, anayeuimba. Bibi yake alimfundisha akimwambia autunze, utawarudisha jamaa waliopotea. Haukuwa wimbo wa watoto. Ulikuwa wa kuzikia: unawaita watu wakusanyike, kaburi halijawa tayari. Mwaka 1997 Mary Moran alifika kijijini kule na watu wake.

Fikirini. Mwanamke anambembeleza mtoto kwa wimbo wa kaburini, hajui, na mtoto anacheka.

(Bi mmoja mbele: "Mwanangu, kunywa maji.") Ahsante, mama.

Sasa la kwangu, kisha niwaachie.

Mwaka wangu wa nne, makaratasi yangu yalikuwa mezani kwa watu, nikitoka nchini sirudi. Mama yangu akafariki hapa, Ngamiani. Baadhi yenu mlimzika, na sikuwahi kuwashukuru kwa mdomo. Ahsanteni.

Alizikwa baada ya Adhuhuri. Kule ilikuwa alfajiri bado, niko mapokezini, na dada yangu akaniwekea simu wazi nisikilize. Nikasikia mikeka, nikasikia nyuradi, mlango. Kisha nikamsikia mama yangu. Wallahi, sauti yake, kali vile vile, anamgombeza muuza samaki kama alivyokuwa akimgombeza kila siku ya Mungu: "Baba, samaki huyu arobaini yake imeshasomwa?"

Alikuwa mtani wetu. Kajifunga kanga ya mama, kashika kapu lake, anazunguka uani akiwaigizia. Nyumba nzima ikaangua kicheko huku inalia. Na mimi kule, Savannah, mgeni kasimama mbele yangu anataka kulipa bili aondoke, mimi nimekamata simu nacheka machozi yanashuka. Mgeni akaweka ufunguo mezani taratibu, akaondoka kinyumenyume.

Jioni yule mama wa Kigeechee aliniletea sufuria ya majani. Ni sukuma wiki ile ile yetu. Kaipika na mguu wa nguruwe. Nikamweleza. Akajipiga paji la uso, akarudi nayo, saa mbili baadaye akaja na nyingine, kaipika na bata mzinga wa moshi, akasimama mpaka nikamaliza sahani.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi ile, nilipanda kivuko. Mzee wa mkoba akaniangalia usoni akajua. Hakunipa pole. Akauliza: "Nani?" Nikasema mama. Akafungua mkoba, mara ya kwanza namwona anaufungua, akanitolea peremende. Alikuwa anazinunua mwenyewe, aina aliyopenda mkewe, ili mkoba usiwe mtupu. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwenye msiba: "Alikuwa anasemaje?"

Nikamwambia ile ya samaki. Ilinichukua safari mbili za kivuko kumweleza arobaini ni nini. Alipoelewa alicheka hadi kofia ikaanguka. Akataka aisikie kwa Kiswahili. Nikamwambia. Akairudia, akakosea, nikamsahihisha, akakosea tena.

Miaka miwili iliyobaki nikiwa kule, nikishuka ngazi za gati asubuhi, usingizi umenijaa, nasikia sauti nzito kutoka kivukoni, watalii wote wanageuka, na mzee wa suti ya kijivu kasimama, mkoba kiwikoni, mkono mmoja kiunoni kama nilivyomwonyesha:

"Baba! Samaki huyu arubeni yake imesha-some-wa?"